Moto Ukikaribia: Mkristo Abebe Nini, Aache Nini?

Tarehe 8 Novemba 2018, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, laini kuukuu ya umeme ilianzisha moto karibu na Pulga, kaskazini mwa California. Majani yalikuwa yamekauka kwa miezi bila mvua, na upepo ulikuwa mkali. Kabla ya saa sita mchana sehemu kubwa ya mji wa Paradise, uliokuwa na wakazi wapatao 26,000, ilikuwa inaungua. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Kwa familia nyingi, muda kati ya kusikia habari na kuwasha gari ulikuwa wa dakika chache tu.

Tangu siku hiyo tumesikia majina mengine. Lahaina huko Hawaii, Agosti 2023. Altadena na Pacific Palisades, Januari 2025, ambako mioto miwili iliyoanza siku moja iliteketeza majengo zaidi ya 16,000. Upande wa Kanada, hata kabla ya Paradise, watu wapatao 88,000 waliondolewa Fort McMurray mwaka 2016, na Julai 2024 moto ulichoma karibu theluthi moja ya majengo ya mji wa Jasper. Katika majimbo hayo na ya jirani wapo ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Sacramento, San Diego, Portland, Boise, Edmonton na Calgary kuna watu wanaoabudu kwa Kiswahili kila Jumapili. Makala haya ni yao, na pia ya jamaa zao walioko Nairobi, Mwanza au Bukavu, wale wanaopiga simu usiku kuuliza, "Mmeshatoka?"

Makanisani kwetu moto ukitajwa, utasikia maneno ya aina mbili. Mmoja atasema vitu ni vya dunia, tumwachie Mungu. Naye hatayarishi chochote. Mwingine hasemi kitu, lakini siku ya onyo utamkuta anapakia televisheni, masofa na masanduku ya vyombo hadi barabara inafungwa. Wote wawili wamekwepa kazi ileile, kazi ya kuchagua.

Wakati wa kubeba na wakati wa kuacha

Isome Biblia ukiwa na swali la mizigo kichwani, utashangaa ni mara ngapi inataja walichobeba watu waliokuwa wakiondoka kwa haraka. Usiku wa kutoka Misri, Waisraeli walibeba unga uliokandwa usiotiwa chachu, na vyombo vya kukandia wakavifunga ndani ya nguo zao mabegani (Kutoka 12). Musa alibeba mifupa ya Yusufu kwa sababu ya kiapo kilichoapwa vizazi vingi kabla yake (Kutoka 13). Yeremia, mji ukiwa umezingirwa na adui, alihakikisha hati ya shamba imehifadhiwa mahali salama (Yeremia 32). Paulo akiwa kifungoni alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4). Hakuna hata mmoja kati yao aliyekemewa kwa kubeba.

Walioonywa ni wengine. Lutu alikawia mpaka malaika wakamshika mkono na kumtoa nje ya Sodoma. Mkewe alitazama nyuma. Na Yesu, akiwakumbusha watu habari za mwanamke huyo katika Luka 17, anamwonya aliye juu ya dari asishuke kwenda kuchukua vyombo vyake vilivyomo ndani. Tatizo la watu hawa lilikuwa wakati. Hatari ilikuwa imekwisha kufika, na moyo bado ulikuwa unabishana na vitu.

Hapo ndipo shauri lote la makala haya linaposimama: bishana na vitu vyako leo, moshi ukiwa mbali. Kaa mezani na familia yako, ombeni, andikeni mtakachobeba na mtakachoacha. Siku ya moto iwe siku ya kunyanyua na kuondoka tu. Orodha iliyoandikwa kwa utulivu ni tendo la imani, kwa kuwa aliyeiandika amekwisha kukubali mbele za Mungu kwamba sehemu kubwa ya mali yake inaweza kwenda, naye akaendelea kuishi na kuhudumu.

Pa kuanzia pamekwisha kuwekwa. Idara ya zimamoto ya California, CAL FIRE, hufundisha mafungu sita: watu na wanyama wa nyumbani, nyaraka na namba muhimu za simu, dawa na miwani, picha na kumbukumbu zisizonunulika, kompyuta na vifaa vya kuhifadhia data, kadi za benki na fedha taslimu. Ni mpangilio mzuri. Sisi tuupitie kwa macho ya mtu aliyekabidhiwa amana, atakayeulizwa aliitunzaje.

Viti vya gari kabla ya buti

Katika Matendo 27, merikebu iliyombeba Paulo ilipopigwa na dhoruba, mabaharia walitupa shehena baharini, kisha vyombo vya merikebu, na mwisho hata ngano. Luka hakutuachia hesabu ya hasara. Alituachia hesabu ya watu: 276, na wote wakafika nchi kavu salama. Anza orodha yako kwa namna hiyo. Nyumbani kwako wanalala watu wangapi? Nani hawezi kutembea haraka? Nani anafanya kazi zamu ya usiku, na akitoka kazini atawakuta wapi? Mtoto akiwa shuleni, nani anaruhusiwa kumchukua?

Kisha toka nje ya mlango wako. Wengi wa waliokufa Paradise walikuwa wazee, na baadhi yao walikuwa walemavu. Jirani wa namna hiyo yupo karibu nawe, huenda ni bibi wa Kimarekani ambaye mnapungiana mikono tu. Je, ana gari? Bado anaweza kuendesha? Gari lenye viti vitano likiondoka na watu wawili na masanduku matatu kwenye viti vya nyuma, hayo masanduku yamekalia nafasi ya mtu. Kwa hiyo wekeni kanuni nyumbani: mizigo yote iingie kwenye buti, na isipoenea, ipunguzwe. Viti ni vya watu.

Familia yenye magari mawili au matatu hutaka kuyaokoa yote, jambo linaloeleweka kwa sababu gari ni mali, na pengine bado lina deni. Lakini kumbuka kwamba siku ile Skyway, barabara kuu ya kutokea Paradise, ilijaa magari hadi baadhi ya watu wakayaacha na kukimbia kwa miguu. Kila gari unaloliacha limeegeshwa nyumbani linampa mwenzako nafasi ya kupita. Ondokeni kwa gari moja mkienea. Msipoenea, ndipo mchukue la pili.

Kuna suala la wazee wetu wenyewe. Mama aliyefika Marekani akiwa na miaka 65, baada ya kambi mbili za wakimbizi, anaweza kukwambia, "Mwanangu, mimi nimechoka kukimbia. Niacheni." Usibishane naye kwa takwimu, wala usimpandishie sauti. Mpe kazi, tena aijue mapema, kwa mfano: "Mama, siku hiyo wewe ndiye utakayewashika wajukuu, sisi tutakuwa barabarani tunaangalia njia." Mzee aliyekabidhiwa watoto atainuka.

Watoto nao wahusishwe. Kila mmoja awe na mkoba wake mdogo wenye nguo za siku tatu na kitu kimoja alichochagua mwenyewe. Kitu hicho usikidharau hata kikiwa mwanasesere asiye na jicho. Na kama mna mbwa au paka, wekeni tayari kamba au kikapu chake, mkijua kwamba si kila kituo cha hifadhi hupokea wanyama. Ulizeni mapema.

Hati na chombo cha udongo

Wakristo wengi huona aibu kidogo kusema kwamba baada ya watu wangeokoa karatasi. Wamsome Yeremia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, na yeye mwenyewe alikuwa mfungwa katika ua wa walinzi. Katika hali hiyo alinunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mwana wa ami yake, kwa shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, akaweka mashahidi, kisha akamwagiza Baruku achukue nakala mbili, ile iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Kuitunza karatasi kulikuwa kusema kwamba maisha yataendelea baada ya maangamizi.

Nakala mbili, chombo kimoja imara: shauri hilo linafaa hata leo. Nyaraka halisi ziwe kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua. Nakala ziwe mbali na nyumba: picha zilizohifadhiwa mtandaoni kwa nywila madhubuti, au flashi aliyonayo ndugu wa mji mwingine. Usilitegemee kasha la chuma la nyumbani. Mengi yametengenezwa kuhimili moto kwa nusu saa au saa moja tu, na nyumba inayoungua katika moto wa nyika inaweza kuendelea kuwaka kwa muda mrefu zaidi ya hapo bila mtu wa kuizima.

Kwa mhamiaji, mfuko huo ni mzito kuliko wa jirani yake mzawa. Weka pasipoti zote, hata zilizokwisha muda. Kadi ya ukaazi wa kudumu. Cheti cha uraia. Barua za kukubaliwa kama mkimbizi. Kadi za hifadhi ya jamii. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule. Cheti cha uraia kikiungua utakiomba upya kwa fomu iitwayo N-565, na kadi ya ukaazi kwa fomu I-90, na zote mbili zinachukua muda, mara nyingi na ada juu yake. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Uvira au Bujumbura miaka ya themanini huenda hakipatikani tena popote. Hicho ndicho cha kwanza kupigwa picha usiku wa leo.

Ongeza mkataba wa bima. Wengi wetu tumepanga, na wapo wanaodhani bima ya mwenye nyumba inawahusu. Haiwahusu. Bima yake inafidia jengo; vitanda, nguo na kompyuta za mpangaji zinahitaji bima ya mpangaji, ambayo kwa kawaida gharama yake kwa mwezi ni ndogo. Kisha chukua simu, pita chumba hadi chumba ukirekodi video, fungua kabati na droo, taja kwa sauti ulichonunua na bei yake. Dakika kumi za kazi hiyo zinaweza kukuondolea mabishano ya miezi na kampuni ya bima. Ukihamishwa, tunza risiti za hoteli na chakula, kwa maana sera nyingi hulipia gharama za kuishi nje ya nyumba.

Usisahau karatasi za imani: cheti cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa ya kanisani. Na kama wewe ni katibu wa usharika, daftari la washarika si lako peke yako. Lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa.

Joho la Paulo

Paulo alijua majira ya baridi yanakuja, akaomba joho. Hakuona kwamba kuutunza mwili ni upungufu wa kiroho. Kwa hiyo weka dawa za wiki mbili ukiweza: za presha, za sukari, inhela ya mtoto mwenye pumu, pamoja na picha za vibandiko vya chupa ili duka la dawa la mji mwingine likuhudumie. Weka miwani ya akiba. Weka chaja, fedha taslimu za noti ndogondogo kwa sababu umeme ukikatika mashine za kadi hazifanyi kazi, maji, na vyakula visivyohitaji kupikwa. Weka redio ndogo ya betri.

Fikiria pia utakachovaa. Vaa pamba au sufu, mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vilivyofunika mguu. Nguo za nailoni na poliesta huyeyuka na kushikana na ngozi zikipata cheche. Kitenge cha pamba kinafaa kumfunika mtoto, kandambili ziache. Barakoa ya N95 itakusaidia na moshi.

Mifupa ya Yusufu

Mifupa haina kazi katika safari ya jangwani. Hailiwi wala haivaliwi. Hata hivyo Musa aliibeba, kwa kuwa taifa lilikuwa na ahadi kwa baba yao, na ahadi hiyo iliwakumbusha walikotoka na waliko­kuwa wakienda. Kwa hiyo usimwonee haya mtu anayetaka kubeba kumbukumbu. Ila mifupa ya Yusufu ilikuwa ya mtu mmoja, ndani ya sanduku moja. Wekeni kipimo kama hicho: sanduku moja la kumbukumbu kwa familia nzima, lijazwe leo, lifungwe, liwekwe karibu na mlango.

Nini kiingie humo? Jiulize maswali matatu kwa kila kitu. Je, kinaweza kununuliwa tena? Je, kinaweza kupigwa picha, na picha ikatosha? Je, nikifa, kuna mtu atakayekilinda kwa sababu anajua habari yake? Kanga ya bibi aliyofia nayo kambini Nyarugusu haitanunulika. Biblia yenye majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa kwa mwandiko wa baba haitanunulika. Tenzi za Rohoni zinachapishwa kila mwaka, lakini nakala ile ambayo mwimbishaji wenu aliandika alama zake pembeni ni moja tu. Televisheni inauzwa dukani. Seti ya vikombe vya wageni vilevile. Picha za zamani zilizokuja kutoka nyumbani zipigwe picha zote sasa, na watu waliomo waandikwe majina, maana mjomba anayewajua hatakuwepo daima.

Fanyeni kazi hii pamoja, mkihadithiana. Jioni ya kuchagua vitu vya sanduku inaweza kuwa mara ya kwanza kwa watoto waliozaliwa Amerika kusikia kanga ile ni ya nani. Hata moto usipofika kamwe, familia itakuwa imepata faida.

Amri ikitoka

California hutumia hatua mbili, onyo la kuhama na amri ya kuhama. Oregon na baadhi ya majimbo jirani hutumia ngazi tatu: kwanza jitayarishe, ya pili kaa tayari kabisa, ya tatu ondoka sasa. Kabla ya hayo yote, idara ya hali ya hewa hutangaza Bendera Nyekundu, siku ambazo ukavu na upepo vimekutana. Siku ya Bendera Nyekundu jaza mafuta, geuza gari litazame barabara, weka mifuko ndani ya buti, lala na simu ikiwa imewashwa. Mwenye mtoto mchanga, mzee, mgonjwa au asiye na usafiri wa uhakika aondoke kwenye onyo, asingoje amri.

Na mara nyingine amri huchelewa. Moto wa Eaton, ule ulioiteketeza Altadena, ulianza jioni ya tarehe 7 Januari 2025. Amri ya kuondoka kwa upande wa magharibi wa Altadena ilitoka baada ya saa tisa usiku, na karibu wote waliokufa katika moto huo walikuwa upande huo. Cheche zinazobebwa na upepo zinaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu mbele ya moto. Ukiona majivu yanadondoka na anga limekuwa jekundu, usisubiri simu ilie.

Tangazo likija, kwa kawaida huja kwa Kiingereza na Kihispania. Basi kanisa liwe na mnyororo wa simu: kijana anayeelewa Kiingereza vizuri apewe familia nne au tano za kuwaambia kwa Kiswahili, Kinyamulenge au Kibembe, naye asikome mpaka kila mmoja aseme, "Tumetoka." Mchungaji awe na hesabu ya kondoo wake kama Luka alivyokuwa na hesabu ya abiria.

Mkiwa na dakika chache kabla ya kutoka, funga madirisha na milango yote bila kuipiga kufuli, zima gesi, sogeza viti vya plastiki na mitungi ya gesi mbali na ukuta, acha taa zinawaka ili wazima moto waione nyumba katika moshi. Usiache mabomba ya maji yakimwagilia. Yanapunguza nguvu ya maji kwa wanaozima moto. Mjue pia namna ya kufungua mlango wa gereji kwa mkono, kwa kuvuta kamba inayoning'inia juu. Katika mioto ya Oktoba 2017 kaskazini mwa California wapo waliokufa kwa kushindwa kuufungua baada ya umeme kukatika, na mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria inayotaka mashine mpya za milango hiyo ziwe na betri.

Sala ya kuondoka iwe fupi, na isaliwe gari likitembea. Mungu wa Lutu aliwatuma malaika wamvute mkono. Hakuwatuma wakae naye kikao.

Usirudi

Jaribu kubwa huja nusu saa baada ya kuondoka, ukikumbuka kitu. Hapo ndipo onyo la Yesu kwa aliye juu ya dari linapokuhusu moja kwa moja. Wasomaji waliotoka Goma hawahitaji kuelezwa. Januari 2002, baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava hadi katikati ya mji, maelfu walirudi kutoka Gisenyi lava ikiwa bado ya moto, na makumi ya watu wakafa kituo cha mafuta kilipolipuka huku wengine wakichota mafuta humo. Lava haikuwa imewaua. Walikuwa wamekwisha kuikimbia.

Rudi pale tu mamlaka yanaporuhusu. Hata hapo, majivu ya nyumba yana sumu, ikiwemo madini ya risasi na asbesto, kwa hiyo vaa glavu, barakoa na viatu imara, na watoto wabaki walikohifadhiwa.

Siklagi: namna ya kuishi na hasara

Daudi na watu wake walirudi Siklagi wakakuta mji umechomwa (1 Samweli 30). Walilia mpaka wakaishiwa nguvu za kulia. Biblia haikuwaharakisha. Nasi tusiwaharakishe waliounguliwa. Ndugu akisimama mbele ya msingi mtupu wa nyumba aliyoilipia kwa zamu za usiku, usimwambie, "Ni vitu tu." Ayaseme yeye akitaka, wewe mletee chakula. Mtu akijilaumu kwamba alibeba pasi akaacha albamu, mwambie akili ya mtu aliyeshtuka hufanya hivyo, na kwamba Mungu hampimi kwa dakika zile tano.

Tuangalie pia ushuhuda wetu. Jumapili baada ya moto, yule ambaye nyumba yake imesimama atataka kushuhudia kwamba Bwana amemlinda. Ni haki yake kushukuru. Lakini kwenye benchi la tatu ameketi mama aliyeomba vilevile, akafunga vilevile, na nyumba yake ni majivu. Altadena na Palisades, makanisa yenyewe yaliungua, la Mtakatifu Marko la Waanglikana na la Corpus Christi la Wakatoliki yakiwemo. Ushuhuda unaosema "Mungu alinilinda kwa sababu nilikuwa mwaminifu" unamhukumu huyo mama bila kumtaja. Shukuru kwa namna ambayo aliyepoteza anaweza kuitikia amina.

Habari ya Siklagi ina kanuni moja zaidi. Mali iliporejeshwa, baadhi ya wapiganaji hawakutaka kuwagawia wenzao 200 waliochoka wakabaki na mizigo. Daudi alikataa, akaifanya iwe amri: aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo wapate sawasawa. Kanisa linaweza kuipitisha kanuni hiyo kabla ya moto, katika kikao cha kawaida cha wazee, na iandikwe kwenye kumbukumbu. Familia ambayo nyumba yake itasalimika ipokee familia moja iliyounguliwa, kwa muda uliokubaliwa. Mfuko wa dharura uanzishwe sasa, hata kwa dola chache kwa mwezi, akiba haiozi. Mtu mmoja ateuliwe kuwasaidia wengine kujaza fomu za bima na za misaada, kwa sababu aliyepoteza nyumba hana utulivu wa kusoma kurasa 20 za Kiingereza.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, baada ya ibada, msitawanyike mara moja. Hesabuni watu na viti vya magari. Andikeni nani atampigia nani, nani atampitia nani, nani atampokea nani. Kisha kila familia iende nyumbani ikajaze mfuko wa nyaraka na sanduku moja la kumbukumbu, na kwa vile vitakavyobaki nje ya orodha, mshukuruni Mungu kwa kuwa mlivitumia.